Nusu Kichwa Hadi Uwanja wa Ndege

Msusi wangu tumembatiza Kaza, kwa sababu anavuta nywele za mbele mpaka nyusi zinapanda. Ukilalamika anakwambia, "Vumilia dada, urembo huo." Mama yake ndiye aliyemfundisha kusuka, na ndiye aliyekuwa akimgombeza tangu utotoni: legeza mbele, utampa mtu upara. Hawajaonana miaka kumi na moja, tangu Kaza aje huku.

Siku moja nikiwa nasukwa, mama huyo alikuwa njiani kuja kutibiwa. Mtoto wa jicho kamziba macho yote mawili, haoni ila vivuli. Kaza hakuogopa operesheni. Aliogopa kitu kimoja, akakisema huku kanishika kichwa.

"Dada, aliniona mwisho nikiwa mwembamba kama kijiti. Sasa atapapasa jitu zima. Akinisalimia kama mgeni je?"

Hesabu alishapiga. Aliandika kwenye simu majina ya viwanja viwili vya ndege, ikamjibu: kilomita elfu sita na kitu, masaa manane hewani. Ndege imeruka alfajiri, mama atatua mchana, kichwa changu kitakuwa tayari. Mchana ukafika, upande mmoja tu ndio umekwisha.

"Twende!" akasema.

"Na kichwa changu?"

"Si unacho hapo? Twende nacho."

Uwanjani ndege yenyewe haipo. Dada wa dawati la maelezo alinitazama kichwa kwanza, kisha akatueleza kwamba masaa manane ni ya moja kwa moja, na hakuna ndege inayokuja moja kwa moja. Ya mama inapitia mji mwingine na kukaa huko mpaka jioni.

"Inakaa inafanya nini?" Kaza akauliza.

"Inasubiri abiria."

Basi Kaza akatoa kitana. Nikaketi chini, juu ya mfuko wa rasta, abiria wakituruka na masanduku yao. Mlinzi alikuja kutufukuza, akaitazama kazi, akauliza saluni iko wapi, akaenda zake.

Usiku, imebaki misuko michache ya mbele, mlango wa wanaowasili ukafunguka. Mama huyo, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kidevu juu. Kaza akamwendea na msuko wangu mkononi. Nami nikamfuata nimeinama, ningefanyaje? Akapiga magoti mbele ya kiti, kichwa changu kikashuka naye.

Mama alihisi kuna mtu mbele yake. Akanyoosha mkono, ukatua kichwani kwangu. Akapapasa kisogoni, akapanda utosini, akashuka mbele. Hapo akasimama, akaminya shina la msuko mmoja, kisha la pili.

"Wewe mtoto," akasema, "mbele hujaacha tu kukaza?"

Kaza alimwangukia mapajani akilia kwa sauti, msuko wangu bado kaushika. Nami nililia. Nusu ilikuwa maumivu.