Daktari Anayeniimbisha

Huyu daktari wa mazoezi hapa Voi haniulizi kama naumia. Anajua sisi wa Mwanda, kule mlimani, tutasema hapana hata mfupa ukitoka nje. Ananishika goti kwa mikono yake ya baridi, halafu anasema, "Imba, nyanya, huku ukiinua mguu." Naimba wimbo wa kanisa. Yeye hatazami goti, ameinamisha kichwa anasikiliza sauti yangu. Goti hili lisipopona, mlima sitaupanda, na shamba langu litalimwa na wengine. Kwa hiyo jana niliuinua mguu mpaka juu. Maumivu yakanichoma, sauti ikakatika. Kabla sijapumua, alikuwa ameshaushika mguu.

"Nimesahau maneno," nikamwambia.

"Sawa, nyanya. Kesho tutaimba mpaka hapo uliposahau, tusipite."