Mashine Iliyokula Nakshi

Severa Mapunda alikuja Dar kutoka Songea na cheti cha ufundi umeme na moyo usiokubali kushindwa na chombo. Cherehani za kawaida aliwaachia wengine. Yeye alitengeneza mashine za kudarizi, zile kubwa zenye sindano nyingi na kompyuta ndogo ubavuni, zinazoshona nembo za shule kwenye mashati. Kariakoo, mashine ya namna hiyo ikigoma, wengi walimwita yeye.

Iliyomtoa jasho ni ya Mzee Hasmukh, muuza sare wa Mtaa wa Narung'ombe. Ilianza kusumbua shule zikikaribia kufunguliwa, wakati wazazi wanajaa dukani tangu asubuhi. Mashine iliwaka, ikaonyesha jina la kiwanda, ikaganda hapohapo. Severa aliifungua, akachomoa memori kadi iliyokaa ndani na kuichungulia kwenye laptopu yake. Faili zilikuwa zimevurugika. Nembo nyingine zilikuwa na majina yasiyosomeka, nyingine zilibaki jina tupu, ndani hamna kitu.

Ugonjwa huo aliujua. Kadi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, hupoteza kumbukumbu ya kipi kimewekwa wapi. Kabla ya kurekebisha chochote alinakili kadi nzima, ubovu na uzima wake, kisha akaokoa nembo alizoweza na kuweka kadi mpya. Alimwuliza Winifrida, dada aliyeiendesha mashine, kama huwa anaizima vizuri. Winifrida akajibu kwamba anaizima kama alivyofundishwa. Severa akaridhika. Akiwa anatoka alimsihi Urvish, mtoto wa mzee, aweke nakala za nembo zote nje ya mashine. Urvish alisema atafanya wateja wakipungua.

Haikupita wiki, mashine ikaganda tena.

Safari hii Severa alishuku kadi yenyewe, maana mjini kuna kadi zinazoandikwa ukubwa zisiokuwa nao. Kwa hasira alikwenda kugombana na muuzaji kabla hajaipima. Alipoijaza faili hadi pomoni na kuzisoma zote upya, kadi ikawa nzima kabisa, ikabidi arudi kuomba radhi mbele ya watu walewale walioshuhudia ugomvi.

Basi ni umeme, alijiambia. Jirani alikuwa na duka la juisi, na kila friji zake zilipoanza kunguruma taa za Mzee Hasmukh zilififia. Severa akamshawishi mzee anunue stebilaiza na betri ya kushikilia mashine umeme ukiyumba. Akazifunga mwenyewe, akajaribu kukata umeme wa ukutani, na mashine ikaendelea kushona kama haikusikia. Aliondoka akipiga mluzi. Siku chache baadaye simu ikaita, na kabla hajapokea alishajua.

"Fundi," Mzee Hasmukh alisema alipofika, bila kupandisha sauti, "naanza kufikiri kwamba tatizo si mashine."

Severa alitoka akasimama barabarani kati ya mabegi ya shule yaliyotandazwa na wapita njia waliomsukuma aondoke njiani, akatafuta maneno ya kusema ameshindwa.

Aliporudi ndani alimkuta mke wa mzee, Jasvanti, ambaye dukani wote walimwita Mama Urvish. Alikuwa ametoka Upanga kuuliza habari za tausi wake. Severa alishtuka, kwani hakuna aliyewahi kumtajia tausi. Ilikuwa nakshi ya pindo za sari, ambayo Jasvanti aliichora kwenye kompyuta mshono kwa mshono, miezi na miezi, kabla macho hayajamharibika. Ilikuwa ndani ya mashine, na haikuwa kwingine popote.

Severa alirudi kwenye ile nakala ya kadi ya kwanza, akaipekua kwa kila njia aliyoijua. Alipata kichwa, akapata shingo. Mkia haukuwepo. Mashine, kwa kudhani mahali pale pako wazi, ilikuwa imeandika nembo ya shule juu yake.

"Samahani, Mama Urvish. Hii ndiyo iliyobaki."

"Macho haya hayatachora mwingine," Jasvanti alisema. Aliomba kilichobaki kishonwe hivyohivyo kwenye kitambaa, akakikunja, akapanda bajaji kurudi nyumbani.

Kesho yake Severa alikuja na kigoda. Akakaa nyuma ya Winifrida, hakugusa kitu. Mashine ikashona, ikashona, kisha uzi ukakatika. Winifrida aligusa kioo cha ile kompyuta ya ubavuni, mahali pa kusimamisha. Kioo hakikuitikia. Akagusa tena. Kisha, bila hata kutazama, mkono wake ukaenda kwenye swichi nyekundu ya nyuma, akaizima mashine yote.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimeisimamisha, dada."

"Mbona si kwa hapo kwenye kioo?"

"Hapo pamekufa muda mrefu. Kaka Urvish aliniambia pakigoma nizimie huku."

"Na mimi nilikuuliza, Winifrida."

"Uliniuliza kama naizima vizuri. Mimi nilijua huku ndiko vizuri."

Severa aliinamisha kichwa. Uzi ukikatika, mashine huandika kwenye kadi mahali ilipofikia, na ndipo swichi ilipokuwa inaikata, mara nyingi kwa siku. Betri isingesaidia kitu, kwa kuwa swichi ile ilikuwa mbele yake, kati ya betri na mashine. Alitaka kumfokea mtu. Winifrida hakuwa na kosa, na Urvish, alipoulizwa, alisema alidhani kioo ni jambo dogo.

Kioo kipya kilimzungusha Kariakoo nzima hadi akakipata. Baada ya kukifunga mashine haikuganda tena, na Urvish akaanza kuweka nakala bila kukumbushwa. Mzee Hasmukh alimshukuru. Severa aliitikia, lakini mchana ule, alipokaa kwa mama lishe karibu na Mnazi Mmoja, bado aliuwaza mkia wa tausi. Wali ulikuwa nusu sahani simu ilipoita. Fundi mmoja wa sare alilalamika kwamba mashine yake inapoteza nembo, akaanza kueleza habari za kadi.

"Subiri kwanza," Severa alimkatisha. "Anayeiendesha ni nani?"

"Kuna dada hapa."

"Mpe simu."