Vitambaa vya Bibi Mwanaesha

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, gari la mamluki liliposimama mwanzo wa kichochoro chetu pale Badjanani, mjini Moroni, askari akashuka kumuulizia fundi wa majiko ya gesi. Mwanangu, wewe hukuzikuta siku zile. Wazungu hao waliishika nchi kwa bunduki, na mtu akiitwa nao, mama yake alianza kulia kabla ya kujua mwanawe ameitiwa nini. Mama yangu alikuwa Mutsamudu, kisiwani kwetu Nzwani, kwa hiyo sikuwa na wa kunililia. Majirani walifunga milango, nami nikachukua mkoba wangu wa spana nikapanda garini.

Tulipanda mlima mpaka tukaingia kwenye ukungu, mahali ambapo mtu wa pwani hutetemeka kwa baridi hata kama haogopi. Mimi nilitetemeka kwa yote mawili. Huko mmoja wa wakubwa wao alikuwa ameegesha gari la ajabu, lililoletwa kwa meli kutoka kwao. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko na hita ya gesi, nyumba nzima juu ya magurudumu. Mkubwa huyo alikuwa amemwoa binti wa Moroni, Zalhata, na binti alikuwa amejifungua majuzi tu. Unajua desturi yetu, mwanamke huzalia kwa mama yake na hukaa humo mpaka atimize arobaini. Lakini mzungu yule aliuogopa mji. Kila dirisha la Moroni aliona lina mtu anayemvizia. Basi akampeleka mzazi na kichanga chake mlimani, katikati ya askari wake, na mama mkwe, Bibi Mwanaesha, akaenda nao kwa sababu asingeweza kumwacha mwanawe.

"Hita inawaka, kisha inazima," mzungu aliniambia kwa Kifaransa, akinionyesha gari. "Mtoto anapata baridi. Hutaondoka hapa mpaka ikae."

Hakupaza sauti. Bastola ilikuwa kiunoni, na mkono wake ulikuwa hauendi mbali nayo.

Nilianza nje, kama nilivyofunzwa. Mtungi ulikuwa mzito, gesi ipo. Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio, halikuchemka popote, kwa hiyo hapakuvuja. Kisha nikafika kwenye tundu la kutolea moshi ubavuni mwa gari, nikakuta masizi. Masizi meusi, mwanangu, na hita nzima haiachi masizi. Nikamtazama mzungu, naye akanitazama, nikayafuta kwa kidole nikanyamaza. Nilijiambia nitasema baadaye, nikishajua zaidi. Muongo mimi, nilikuwa naogopa.

Ilibaki kuitazama hita yenyewe, na hita ilikuwa ndani. Ndani kulikuwa na mzazi ambaye hajatimiza arobaini, na mimi kijana wa watu, si mumewe wala si ndugu yake. Nikasimama chini ya ngazi nikabisha hodi. Bibi Mwanaesha akafungua mlango kidogo, upana wa uso wake tu. Alikuwa amekulia Unguja, basi tukasemezana kwa Kiswahili.

"Bibi, shikamoo. Ukiiwasha, moto wake una rangi gani?"

"Marahaba. Wa njano, baba. Unapendeza kama wa kandili."

Moto wa gesi unatakiwa uwe wa buluu. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikanyamaza tena.

Mzungu akachoka kungoja. Akaniambia ameshagundua kwamba kile kitufe cha kuwashia kikishikiliwa kwa kidole, moto hauzimi. Akanitupia kipande cha waya. "Kifunge," alisema. "Kifunge kibaki chini, uende zako."

Kazi ya dakika chache, mwanangu. Kitufe kile huwekwa ili moto ukikosa hewa ujizime wenyewe kabla ya kuwadhuru watu. Ukikifunga kwa waya, moto utawaka, mwenye bastola atafurahi, nawe utakula chakula cha mchana kwako. Waya ulikuwa mkononi mwangu na mlango ulikuwa mbele yangu, na nakwambia kweli, mguu wangu mmoja ulishakanyaga ngazi.

Sijui kwa nini nilimuuliza Bibi lile swali. Labda kwa sababu nilisikia kimya. Nyumba yenye kichanga huwa haina kimya namna ile.

"Bibi, kichwa hakikuumi?"

"Kinanigonga tangu jana. Na huyu Zalhata analala tu, nikimwamsha analala tena. Mtoto leo hataki hata ziwa."

"Bibi, umeziba wapi humo ndani?"

"Kila penye tundu. Mzazi hapigwi na upepo, wewe hukufundishwa kwenu Nzwani? Nimechana leso zangu nzuri nikaziba kote."

Nikautupa waya. Nikageuka nikafunga mtungi, kisha nikapanda ngazi, na mzungu akanidaka ukosi akaniuliza nakwenda wapi kwa mkewe. Sauti ilinitoka nyembamba, ya aibu. "Watakufa," nilimwambia. "Ule moshi wa sumu hauonekani. Watoe nje sasa hivi."

Akanitazama kidogo, akaniachia, akaingia yeye. Alimtoa Zalhata amembeba mikononi, shiromani yake ya kujitanda imemfunika uso, na Bibi nyuma yao na kichanga kifuani. Aliwaweka kwenye nyasi mbichi, ndani ya ule ukungu ambao Bibi alikuwa akiukimbia siku zote hizo. Mimi nikaingia nikavuta vitambaa, kimoja kimoja, vikitoka na harufu ya udi. Nje hapakusikika kitu, na mzungu yule alikuwa amepiga magoti, hana wa kumpiga risasi.

Kisha mtoto akalia. Kilio kibovu, cha kukwama, lakini kilio.

Nilidhani Bibi atanishukuru. Alinishika mkono akanivuta pembeni. "Masizi uliyaona lini?" aliniuliza, maana kidole changu kilikuwa bado cheusi.

"Nilipofika, Bibi."

"Ukanyamaza. Yeye ukamwogopa, mimi ukanistahi, na mjukuu wangu ukamweka wapi?" Machozi yalimtoka. "Na mimi nimeuogopa upepo, na mume ameuogopa mji. Sote tumemfungia huyu mtoto."

Nyuma yetu Zalhata alikuwa akifumbua macho.

Wewe sasa unafunga majiko ya watu Hombo, kule Mutsamudu, mwanangu, na hofu utaikuta, kama si ya bunduki basi ya bosi au ya mkwe. Sikwambii usiogope, maana mimi niliogopa mpaka mwisho. Nakwambia ukiona masizi, sema ukiwa bado unayatazama. Kabla ya kuuliza habari za mashine, uliza habari za waliolala karibu nayo. Na adabu iweke mahali pake, lakini usiitumie kujifichia. Mungu akulindie mikono yako na macho yako, na siku utakayotetemeka akuachie sauti, hata iwe nyembamba kama ile yangu, imfikie anayelala.