Pini ya Boljointi

Ipo siku moja, mwanangu, inayonijia upya kila nikisikia gari linagongagonga kwenye magurudumu ya mbele. Nilikuwa kijana, nakaa Nguvumali, nina pikapu kuukuu niliyoachiwa na marehemu baba. Gurudumu la kushoto lilikuwa linachezacheza na stelingi inavuta upande. Boljointi ilikuwa imekwisha, kile kifundo cha chuma kinachoshikilia gurudumu la mbele na kuliacha ligeuke.

Nikaamua kuibadilisha mwenyewe, uani kwetu. Nililinyanyua gari kwa jeki, nikaliegesha juu ya magogo, nikaing'oa ya zamani kwa nyundo na matusi, Mungu anisamehe, nikaweka mpya. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho kabisa. Ile pini ndogo inayozuia nati isifunguke ikanikatikia mkononi. Duka la vipuri halikuwa mbali, lakini mama alishavaa baibui, anangoja nimpeleke Mwera kwa dada yangu aliyejifungua. Nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, nikajiambia itashika.

"Limepona?" mama akauliza.

"Limepona, mama."

Njia nzima masikio yangu yalikuwa kwenye gurudumu, mama anazungumza peke yake. Tulipokaribia kivuko cha Pangani, nikiwa nimepunguza mwendo kukata kona, kikasikika kishindo. Gurudumu likalala ubavu, gari likapiga pua chini. Mbele yetu palikuwa na mteremko wa kushukia mtoni. Nikazima injini, nikamgeukia mama.

Mama hakuumia. Alijikung'uta vumbi, akanitazama. "Mimi nilipanda kwa sababu ulisema limepona," akasema. Afadhali angenipiga.

Tukampigia simu mjomba Bakari, kaka yake mama, fundi mstaafu wa shamba la mkonge. Alikuja kwa basi na boljointi mbili mpya mfukoni. Hata sijamaliza shikamoo, alishachuchumaa chini ya gari.

"Pini iko wapi?"

Nikamweleza yote, bila kuficha.

"Kazi yako nimeiona," akasema. "Mikono unayo. Kilichoniudhi ni kwamba ulijua, ukanyamaza. Ungemwambia mama yako ukweli, angevua baibui akanywa chai, mkaenda kesho."

Kisha akanipa spana, yeye akakaa pembeni. Nilifungua upya, nikafunga mpya, nikatia pini. Akaniamuru nibadilishe na ya kulia, maana nayo ilikuwa ukingoni. Nilipomaliza, nilidhani mama atatafuta bodaboda. Lo! Yeye ndiye aliyetangulia kupanda, akakaa mbele, pembeni yangu.

"Twende, mjukuu ananingoja," akasema. Tulifika Mwera kabla ya magharibi.

Sasa nakuusia, mwanangu. Usiogope kufungua kitu ujifunze. Mimi nimelisha nyumba yangu kwa kazi hiyo ya ufundi. Lakini kazi ambayo haijakwisha, sema haijakwisha, hata kama watu wamekwishavaa na wanakusubiri mlangoni. Na ukikosea usikimbie. Rudi, fungua upya, tena mbele ya yule uliyemkosea. Watu wengi kuliko unavyodhani watakupa nafasi ya pili.

Mwenyezi Mungu akujaalie mikono yenye ufundi na ulimi wa kweli, na kila utakayempakia umshushe salama. Amina.