Kumtafutia Mwalimu Mbwa wa Mzee

Mzee niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake kila asubuhi alianguka bafuni wakati ule Sydney nzima ilipofungiwa ndani kwa mara ya pili kwa sababu ya korona. Nilimkuta sakafuni, mbwa wake amelala ubavuni mwake, kichwa amemwekea kifuani. Watu wa ambulensi walipokuwa wanamfunga mikanda kwenye machela, mzee alinishika mkono.

"Mchukue mbwa," akaniambia. "Mtafutie mwalimu mzuri. Ana miezi minane. Akifundishwa vibaya sasa, basi tena."

Nikaitikia. Ningemkatalia vipi mtu aliye kwenye machela?

Alikuwa mbwa wa kuwinda ndege, kahawia mwenye madoa, wa aina inayonusa ndege kwenye nyasi kisha ikasimama kama imegandishwa, ili mwindaji ajue pa kulenga. Nilimleta kwenye fleti yetu Lidcombe. Wanangu walimshangilia kwa Kiingereza chao. Mimi nilikuwa sijawahi kufuga mbwa. Katika kambi ya wakimbizi ya Kigoma nilikokulia, mbwa alikuwa kitu cha kutupiwa jiwe. Mume wangu ndiye aliyewajua kidogo, kwa sababu baba yake kule Burundi aliwinda na mbwa waliovishwa njuga.

Hatukuruhusiwa kwenda mbali, kwa hiyo nilimtembeza kando ya reli, barakoa usoni. Akiona njiwa alisimama, mguu mmoja juu, na moyo wangu ulifurahi. Lakini mabehewa ya mizigo yakigongana alijibana kwenye miguu yangu akitetemeka, na furaha yote iliisha. Mbwa wa kuwinda anayeogopa mlio! Nilijiuliza kama ni mimi niliyemharibu.

Nilianza kupiga simu. Mwanamume mmoja alipokea mara moja. "Niletee. Baada ya wiki sita unamchukua amekamilika." Nilipomuuliza kama naweza kuja kuona anavyofundisha, alisema wageni huwachanganya mbwa, ila nikiruhusiwa kusafiri atanionyesha waliokwisha hitimu. Mwalimu wa pili alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mzima. Huyo ndiye aliyeniuliza maswali mimi: mbwa analala wapi, anaogopa nini, amewahi kusikia bunduki? Kwa kila jibu langu nilijiona kama mwanafunzi aliyefeli. Mwishowe akasema hana nafasi mpaka mwaka mpya.

Tulipofunguliwa tukaenda kwanza kwa yule mwanamume. Alitoa mbwa watatu. Akisema kaa, wanakaa. Akisema nenda, wanaondoka kama mshale. Mume wangu alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Kisha mwanamume yule akaingiza mkono mfukoni, nadhani alitafuta funguo tu, na mbwa wote watatu wakalala chini kwa pamoja, mikia wameifyata. Hakuna aliyewaambia kitu. Nikatazama shingo zao, nikaona sehemu ambapo manyoya yamekwisha.

Kwenye gari tukabishana.

"Umeona utii ule, mama watoto? Wiki sita tu!"

"Baba, nimeona woga. Huyu wetu anaogopa hata treni. Wakimvisha ukanda wa shoti ya umeme shingoni, rimoti mfukoni, atabaki nini?"

"Hujaona shoti yoyote. Umeona mtu anatafuta funguo."

Hapo alinishinda, maana ilikuwa kweli sikuona. Na mwanamume yule alikuwa amesema nafasi imebaki moja, tujibu kufikia kesho jioni. Nilimpigia simu mzee, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa makao ya wazee, wageni hawaruhusiwi kuingia. Nesi alimshikia simu. Nilitaka aniamulie. Alisikiliza mpaka mwisho, akahema.

"Wewe ndiye unayeishi naye. Chagua wewe."

Nilijisikia vibaya kuliko kabla sijapiga.

Asubuhi yake tulikwenda kwa yule mwanamke, mbele ya Campbelltown, kwenye shamba la nyasi ndefu. Alikuwa na nywele nyeupe na buti zenye matope. Hakutuonyesha mbwa wake. Alisema, "Mfungueni wenu."

Nikamfungua. Akakimbia, akapita sehemu ya uzio iliyolala, akapotea kwenye nyasi. Nikafungua mdomo nimwite, mwanamke akaniinulia kidole. Tukasubiri. Nilihesabu pumzi zangu. Niliona barabara kwa mbali na malori yakipita, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mzee. Mume wangu naye alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili.

Mwanamke akaanza kutembea polepole, sisi nyuma yake. Tulimkuta mbwa amesimama, mguu juu, mwili wote umenyooka kuelekea kichaka kidogo. Mwanamke akapiga magoti, akampitishia mkono mgongoni taratibu, kama mtu anayelainisha kitambaa. Tombo akaruka. Mbwa akashtuka na kumgeukia mwanamke, naye akacheka.

"Pua anayo," akatuambia. "Woga pia anao. Kwangu atachukua muda mrefu, na siahidi kwamba atazoea bunduki. Mkitaka ahadi, nendeni kwingine."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anafuta jasho. "Tutasubiri mwaka mpya," akasema, kabla yangu.

Hofu haikuisha hapo. Mwaka mpya mwalimu alipomchukua mbwa, kila Jumamosi nilingoja simu yake kama anayengoja majibu ya hospitali. Wiki nyingine alisema tumerudi nyuma. Wakati mmoja alisema amesitisha milio ya bunduki kabisa, anamlisha tu huku akigonga sufuria kwa mbali. Mume wangu akaanza kwenda kumsaidia, mwanzoni kwa mashaka, baadaye hata nikimwomba abaki nyumbani habaki.

Baridi ilipoingia walinitumia video. Bunduki inalia, ndege anaanguka, na mbwa anageuza kichwa kuuliza afanye nini. Siku hiyohiyo nilikwenda makao ya wazee, kwa kuwa sasa tuliruhusiwa kuingia kwa kupimwa mlangoni. Mzee aliitazama mara nne, simu karibu na pua.

"Mkono wa kushoto," akaniambia. "Mwambieni mwalimu mbwa anaelemea kushoto akisimama."

Nikamwambia mwalimu. Alijibu kwamba ameshaliona hilo, na wanalishughulikia.