Pikapu ya Kukanda Migongo

Mume wangu alipostaafu kazi ya magereza alitoka na kiinua mgongo, na mgongo usioinuka. Kiinua mgongo akakigeuza pikapu. Mgongo akakaa nao hapa Walukuba, mtaani kwetu Jinja, akiulalamikia asubuhi na jioni kama mpangaji asiyelipa kodi.

Pikapu tuliihitaji kweli, kwa sababu mimi ndiye mchuuzi wa nyumba hii. Nanunua kabichi Mbale, nauza soko la Jinja, na gari letu la zamani lilikuwa limefikia hali ya kupita barabarani huku likidondosha vipande vyake kama kuku anayenyonyolewa. Lakini kila kilichobaki ndani yake kilikuwa changu. Kioo nilikishusha kwa mkono wangu, na redio niliifungua kwa kuipiga kofi.

Katika duka la magari mjini Jinja tulipokewa na kijana mmoja aliyevaa suti ya kubana, viatu vimechongoka mbele. Nikazunguka lile gari jipya, nikainama nyuma, nikachungulia chini.

"Spea iko wapi?"

"Mama, gari za sasa hazina spea. Kuna kopo la gundi na pampu ndogo."

"Na tairi likipasuka kule barabara ya Tirinyi nikitoka Mbale, nilipake gundi?"

"Unaita msaada kwenye simu. Iko ndani ya programu."

Mlango wa abiria haukuwa na tundu la ufunguo. Kijiti cha kupimia oili hakikuwapo. Hata mkono wa kufungulia mlango kwa ndani ulikuwa umeondolewa, ukawekwa kitufe kinachofanana na vitufe vingine vyote. Kila nilichouliza kilikuwa kimetolewa kwenye gari na kutiwa kwenye simu, mpaka nikajiuliza kwa nini hawatuuzii simu tu tupakie kabichi juu yake.

Nikamgeukia mume wangu ili tuondoke. Nikakuta ameketi kwenye kiti cha dereva, amefumba macho. Yule kijana alikuwa amebonyeza mahali, na kiti kilikuwa kinapata moto.

Siwezi kuueleza uso wake. Mara ya mwisho niliuona hivyo siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, na hata wakati ule haukudumu.

"Tunachukua," akasema.

"Tunachukua nini? Kiti?"

Kijana ndiye aliyenieleza kwamba joto la viti, kuwasha gari ukiwa mbali, na kuliona gari liliko, vyote ni vya bure miezi ya mwanzo. Baadaye tutalipia kila mwezi.

"Kulipia kiti? Si kiko ndani ya gari langu?"

"Kiti ni chako, mama," akasema kwa upole mkubwa. "Joto ndilo la kampuni."

Basi tukaingia Walukuba na kiti chetu na joto la watu.

Mume wangu ni Mgisu wa Mbale. Ujanani alisimama mbele ya kisu cha tohara na kijiji kizima kinamtazama, hakupepesa hata kope, na habari hiyo ameisimulia kwa kila mtu, hata kwa wakwe. Mtu huyo huyo sasa alikuwa akitoka nje kila jioni na kitambaa begani, anaingia kwenye pikapu iliyosimama mbele ya nyumba, anawasha kiti, na kuguna. Huku Jinja, ambako sisi wengine tunajipepea kwa vifuniko vya sufuria!

Wastaafu wenzake walipopata habari, wakaanza kuja. Maaskari wa magereza, polisi, wanajeshi wawili watatu: watu wa kutoka Soroti, Lira, Arua, wengi wao wameishi kambini maisha yao yote, kama mimi niliyezaliwa humo, binti wa askari magereza. Mabenchi yakatolewa nje. Wakawa wanaingia kwa zamu, na zamu ikafuata vyeo. Nilimsikia aliyekuwa sajenti akimwambia mwenzake aliyekuwa kopro:

"Wewe iko na haraka ya kwenda wapi? Ngoja. Mgongo yangu ni kubwa kuliko yako."

Yupo mmoja kati yao ambaye hakugombania. Alianguka kutoka kwenye lori la gereza miaka mingi iliyopita, na tangu hapo alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Siku ya kwanza alipoketi, alisema "Ah," halafu akalala, mdomo wazi. Zamu yake ikaisha. Sajenti akakohoa, akaangalia saa. Mume wangu akainua mkono.

"Muache afande alale."

Wakamwacha. Wakapunguza hata sauti ya mazungumzo, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa watu waliozoea kuzungumza kana kwamba mto Nile uko katikati yao.

Shida iliingia kupitia wifi yangu. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, anaishi Mbale, mlokole wa kweli kweli. Ananisaidia kupata kabichi nzuri, kwa kuwa wauzaji wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa Mungu wake. Kiswahili hakitaki. Anasema ni lugha ya bunduki, lugha ya watu waliokuja kuchukua kuku wa baba yake wakati wa utawala wa jeshi. Kwangu anazungumza Lugisu, na nikikosea ananisahihisha mbele ya watu.

Siku moja nilikuwa Mbale kununua kabichi, na mvua nyepesi ilikuwa inateremka kutoka mlima Wanale. Nikamwacha wifi ndani ya pikapu asilowe, nikaenda kupatana na mwenye kabichi upande wa pili wa barabara. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu. Wachukuzi walikuwa wanapakia.

Nikasikia injini ikiwaka.

Nilipogeuka, vifuta-kioo vilikuwa vinacheza kushoto na kulia, taa zimewaka, na mchukuzi mmoja alikuwa ametupa gunia chini na kukimbia. Kabichi zilibingirika hadi katikati ya barabara. Mwenye bodaboda aliyekuwa anapita alisimama, akaokota moja nzuri, akaenda zake.

Wifi alikuwa peke yake ndani, kwenye kiti cha abiria, na hapakuwa na mtu kwenye usukani. Alikuwa anapapasa mlango akitafuta mkono usiokuwepo. Kisha akainuka kidogo, akajishika nyuma, na macho yakamtoka. Nikajua kiti nacho kimewaka.

Alianza kwa Lugisu. Pepo hakutoka. Akajaribu Luganda. Injini ikaendelea kunguruma. Hapo ndipo yule mama wa kanisa, ambaye hakuwahi kunijibu hata "habari" kwa Kiswahili, alipofungua kinywa na soko zima likamsikia:

"Toka! Toka mara moja! Kwa jina la Yesu, nyuma geuka! Mbele tembea!"

Watu walisogea kumsikiliza. Mzee mmoja pembeni yangu, nadhani aliwahi kuwa jeshini, alikaza miguu bila kujijua.

Nikavuka barabara mbio, nikamfungulia. Akaniangukia, na huku amenishika shingo akaninong'oneza sikioni, akiniita wifi kwa Lugisu:

"Mulamu, nisitiri. Nafikiri nimejikojolea."

Nikapapasa kiti. Kilikuwa kikavu, na moto kama mkate. Kabla sijamweleza, simu yangu ikalia.

"Mama watoto!" Mume wangu alikuwa anapiga kelele kwa furaha, na nyuma yake niliwasikia wazee wakicheka. "Imewaka? Nimebonyeza hapa hapa Walukuba! Hawa walikuwa wanabisha!"

"Imewaka," nikasema. "Dada yako yumo ndani."

Nikasikia akiwanyamazisha wazee.

"Dada yangu yupi?"

"Yule anayeomba kila siku ufe ukiwa umeokoka."

Akakata simu. Mtu aliyestahimili kisu!

Nilimweleza wifi kwa utaratibu kwamba ni simu, ni kaka yake, ni mambo ya kampuni. Alinisikiliza kwa huruma, kama unavyomsikiliza mgonjwa wa malaria. Kisha akaweka mikono juu ya boneti na kuomba mpaka mvua ikakatika.

Na ajabu ni kwamba aliomba kwa wakati mzuri, maana wiki ile ile miezi ya bure ikaisha. Ujumbe uliingia kwenye simu ya mume wangu jioni, sajenti akiwa kitini. Joto likapungua polepole chini yake. Akabonyeza, akabonyeza tena, akapiga kile kiti ngumi.

"Hii gari imekufa?"

"Haijafa," mume wangu akasema. "Imeanza kudai."

Kesho yake walikuja wachache. Keshokutwa yake hakuja mtu. Mume wangu alitaka walipie kwa mchango, nikakataa katakata. Nilikuwa bado na hasira za kabichi, na zaidi ya hapo nilikuwa nimegundua kwamba ile programu ilimwonyesha kila mahali niliposimama. Tumeishi vizuri miaka yote hii kwa sababu hakujua niko wapi. Ndoa zinajengwa kwa mambo kama hayo.

Aliyenibadilisha ni mke wa yule mzee aliyeanguka kwenye lori. Alikuja na nanasi kutoka shambani kwao Budondo, akaketi jikoni kwangu, akazunguka maneno mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema:

"Dada, tangu kiti kipoe, mzee halali. Anageuka, anaguna, anasimama, anaketi. Na mimi silali. Kile kipindi cha kiti alikuwa anarudi nyumbani kama mtoto aliyeogeshwa."

"Na wewe ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa nalala, dada. Nilikuwa nimesahau usingizi ulivyo."

Nikamwita mume wangu. Nikamwambia nitalipia joto, lakini programu itoke kwenye simu yake na ikae kwenye yangu.

"Mimi ni afande," akasema, kifua mbele. "Niombe joto kwa mke wangu?"

"Kama unavyoomba chakula."

Alifikiri. Mgongo ukafikiri kwa niaba yake. Akanipa simu.

Wifi hatujamwambia. Ushuhuda wake umeshazunguka makanisa mengi ya Mbale, na tulikwenda kumsikiliza Jumapili moja. Siku hizi anasimulia kwamba gari lilizungumza kwa sauti ya kiume na kumwita kwa jina. Alipofika pale, mume wangu aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na mchungaji akaja kumwekea mkono akidhani anatubu. Mimi nilimfinya paja mpaka akanyooka.

Sasa wazee wanakuja jioni na heshima zote. Wananisalimu mimi kwanza. Sajenti amenipasulia kuni, kopro amenitengenezea bomba la uani, na yule mzee wa lori anaingia kabla ya wote bila kujali cheo. Kampuni nayo haijapumzika: juzi imenitumia ujumbe kwamba taa za kona nazo zina malipo yake. Nimewajibu kwa Kiswahili cha kambini, sijui kama wamekielewa.

Jumamosi ni siku ya wake zao. Tulianza kwa kutania tu, tukajifungia ndani ya pikapu wanne, viatu nje, vioo juu. Mwenzangu wa Budondo aliegemea, akafumba macho.

"Kumbe hawa wanaume walikuwa wanatuficha hiki kitu," akasema.

Sajenti akaja kugonga kioo, akauliza kama tunakaribia kumaliza. Nikachukua simu, nikaongeza joto.