Njia ya Magunzi

Kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyemwomba Hajara hata kikombe cha maji.

Si kwamba alichukiwa. Alipendwa mno! Vita vya mwaka 1979 vilipofika Jinja, risasi moja isiyo na mwenyewe ilimpata mgongoni akianua nguo, na miguu yake ikanyamaza tangu siku hiyo. Mdogo wake, Fadhul, alimpakia kwenye lori la miwa akamkimbizia Mbale. Huko akamtunza kama yai. Hajara alibebwa kwenda kuoga, akabebwa kwenda kulala, akabebwa kutoka juani kabla hata hajahisi joto. Wageni wakija, chai ilipita mbele ya macho yake mikononi mwa watoto.

"Wewe pumzika tu, dada," Fadhul alikuwa akisema.

Alipumzika mpaka akachoka.

Kisha karakana moja ya Mbale ikamtengenezea kiti cha magurudumu, chenye matairi ya baiskeli. Wilkista, mhudumu aliyekuwa akizungukia watu wenye ulemavu majumbani mwao, alimfundisha mwezi mzima: kukiendesha, kujihamisha kutoka kitini hadi kitandani, kupika akiwa amekaa. Ndipo Hajara akatamka kwamba anarudi Bugembe, kando ya Jinja, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yao. Nyumba ilikuwapo bado, maana jirani, Nangobi, aliilinda miaka yote hiyo. Wezi wa mabati aliwafukuza kwa mchi.

Fadhul alinuna siku tatu. Halafu akatoa sharti. "Ijumaa ijayo nakuja baada ya swala. Nikikuta unaingia na kutoka mwenyewe, sawa. Nikikuta unabebwa, tunarudi wote Mbale, na usinililie."

Shida ilikuwa mlango, uliokuwa juu ya ngazi mbili. Wilkista alifuatana na Hajara hadi Bugembe, akainama, akapima kwa kiganja. "Kwenda juu ni shubiri mbili. Basi udongo uanzie shubiri ishirini na nne kutoka mlangoni."

"Zote hizo za nini, mwalimu?" Nangobi akashangaa.

"Ukifupisha, nyabo," Wilkista akamjibu kwa heshima, "atakuwa anapanda ukuta."

Wanawake wa mtaa wakabeba udongo kwa mabeseni, wakaushindilia. Jumatano njia ya mteremko ikawa tayari, na Wilkista akapanda baiskeli yake kwenda kumwona mgonjwa mwingine Budondo.

Sasa, Alhamisi Nangobi aliitazama ile njia, roho ikamuuma. Mgeni anakuja, na mlangoni kuna mabonge kama shamba la viazi? Kwa mwanamke wa pale, kiwanja kisichokandikwa ni sawa na uso usionawishwa. Akaita wenzake. Wakakandika kwa udongo laini na kinyesi cha ng'ombe, wakasugua kwa mawe ya mtoni mpaka njia ikang'aa. Wakapiga vigelegele. Hata bibi harusi hajawahi kupata sakafu kama ile!

Ijumaa asubuhi Hajara akaijaribu. Alifika katikati, magurudumu yakazunguka bure, kiti kikaanza kurudi kinyumenyume, polepole kwanza, kisha mbio, hadi ndani ya maharage ya Nangobi.

Aliyecheka kwanza ni Hajara mwenyewe. "Nangobi, njia umeipiga pasi!"

"Mama yangu! Tumekuharibia!" Nangobi akaja mikono mbele. "Njoo tukubebe ndani haraka. Mdogo wako hatajua."

"Usinibebe! Siku nyingine zote sawa, lakini si leo."

Jua lilikuwa linapanda. Kupitia mlango uliokuwa wazi akautazama ukuta wake, palipotundikwa tabaga, sinia la ukili wanalosuka wanawake wa Kinubi. Kidole hakitelezi juu ya tabaga. Kinakwama kwenye mistari ya msuko.

"Leteni jembe, maji, na magunzi ya mahindi. Mengi."

Wakaukwangua ule mng'ao, wakapaka udongo mbichi. Hajara akashuka kitini, akakaa chini, akawa anajisogeza kwa mikono huku akigandamiza magunzi udongoni, mstari baada ya mstari, kama anayesuka. Na kila gunzi alilitajia mtu kimoyomoyo: hili la Wilkista na baiskeli yake, hili la fundi wa karakana ambaye hata jina hakulijua, hili la Nangobi na mchi wake, na haya matatu ya Fadhul, maana nani mwingine angembeba miaka yote hiyo?

Jua likafanya kazi yake. Baada ya swala Fadhul akatokea, kamba na gunia tupu mkononi, tayari kufunga mizigo. Wilkista naye alikuwa amesharudi.

Hajara akashika magurudumu. Akapanda. Katikati akatua kuvuta pumzi, na Fadhul akaruka kumsukuma.

"Toa mkono, Fadhul."

Akautoa. Kiti kikapanda mstari kwa mstari, kikavuka kizingiti.

Fadhul aliviringisha kamba vidoleni. Kisha akakaa juu ya gunia lake, akavua viatu.

"Dada," akasema, "Alasiri imekaribia. Nipe maji ya kutawadha."

Hajara akajaza birika, akalipakata mapajani, akateremka nalo kwenye njia ya magunzi. Halikumwagika hata tone.